Nta Chini ya Mtutu wa Mjane

Kosa langu nalisema kwanza, maana nikilificha mpaka katikati Neema atalisema yeye, na Neema akisema huongeza chumvi. Nilichukua nta ya nyuki ya mama yangu mzazi, nikaichanganya na masizi ya sufuria ili rangi isionekane, nikaijaza kwenye upenyo mwembamba uliopo kati ya mtutu wa bunduki na ubao wake. Nikaishindilia kwa njiti ya kiberiti. Nikaipangusa, nikarudi nyuma hatua mbili, nikajipongeza. Niliona nimeziba ufa. Kumbe ule upenyo ndio uliokuwa unaifanya ile bunduki ipige inapoelekezwa.

Nina miaka kumi na saba na nimestaafu. Wenzangu hustaafu na mvi na presha, mimi nimestaafu na chunusi na mtihani wa kidato cha nne. Nimefanya kazi likizo nne mfululizo kwa Mjomba Elia, fundi wa bunduki mwenye leseni hapa Kilosa mjini, na naandika haya kwa ajili ya huyo Neema, binti yake wa kidato cha pili, anayechukua nafasi yangu likizo ijayo, na kwa yeyote atakayemfuata. Vyeo sitaandika, kwa sababu nilianza nikiitwa "wewe" na nikamaliza nikiitwa "wewe". Mshahara nao tuuache. Ulikuwa chipsi mayai, na mara nyingine mayai hayakuwemo.

Kazi yenyewe niliipata kwa ukoo, si kwa akili. Sisi watu wa milima ya Berega mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu yako. Kwa hiyo Mama alipomwambia mdogo wake, "Huyu likizo nzima analala na simu, mchukue," Mjomba hakuwa na pa kukataa. Isitoshe Mama ni dada yake mkubwa. Mjomba ni mtu wa kutengeneza bunduki za kuangusha nyati, lakini Mama akipiga simu anasimama wima ndipo anapokea.

Siku ya kwanza nilishuka kwenye basi kutoka Mikumi nikiwa nimevaa miwani ya jua na fulana nyeusi, nikijua saa hiyo hiyo nakabidhiwa silaha.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Onyesha mikono."

Nikaonyesha.

"Kanawe. Jasho lina chumvi, chumvi inakula chuma. Na hiyo miwani weka kwenye begi, humu ndani hakuna jua."

Nikanawa. Nikarudi. Akanitazama tena mikono, akanirudisha. Siku ile nilinawa mara nyingi kuliko mkunga wa zamu, na silaha niliyokabidhiwa ilikuwa kipande cha shati la shule la Neema, cha kufutia vumbi.

Kwa asiyejua, bunduki ya bolti ni ile ambayo kila risasi unaipandisha kwa mkono wako. Unanyanyua kitasa, unavuta nyuma, ganda la risasi iliyopita linaruka nje, unasukuma mbele, unashusha. Ni kama komeo la mlango wa choo cha shule, ila hili linafunga kweli. Ukiichomoa ile bolti nzima, kilichobaki ni bomba lenye ubao. Sheria ya Mjomba ilikuwa kwamba bolti zote zinakaa kwenye sanduku la chuma, ufunguo shingoni mwake, na mimi nashika mabomba tu. Likizo nne, sijawahi kufyatua hata risasi moja. Shuleni nilisema vingine, lakini hapa naandika ukweli.

Niliwahi kumuuliza kwa nini watu wanahangaika na bunduki ya kupakia moja moja wakati kwenye sinema wanamwaga tu.

"Anayewinda anapiga mara moja," akasema, bila kuinua kichwa. "Anayepiga mara nyingi anafukuza wanyama."

Vifaa vyake ni vichache na kila kimoja kina adabu yake. Kuna ufito wa shaba wa kusafishia mtutu, unaingizwa kutokea nyuma, kamwe si mdomoni, maana mdomo wa mtutu ukikwaruzika kidogo tu risasi inatoka imekasirika. Kuna bisibisi kumi na moja, kila moja na skrubu yake; nilitumia moja kufungulia soda nikanyimwa chakula cha mchana. Kuna nta ya nyuki ya kupaka ubao, ambayo Mama huileta kutoka kwenye mizinga yake ya Kisanga. Huichemsha na majani ya mkaratusi, kwa hiyo karakana nzima inanukia kama mtu mwenye mafua anayekula asali. Na kuna noti moja ya elfu moja, kuukuu, inayokaa peke yake kwenye kopo la kahawa. Hainunui kitu. Kila bunduki ikiingia, Mjomba anaichukua ile noti, anaipitisha chini ya mtutu kuanzia mbele, anaivuta taratibu mpaka karibu na chemba, pale risasi inapolala, halafu anairudisha koponi. Nilimwona akifanya hivyo labda mara mia. Nilidhani anafuta vumbi. Likizo nne nilidhani mjomba wangu ana noti ya kufutia vumbi, na sikuuliza, kwa sababu nilikuwa najua kila kitu.

Neema, kama utashika jambo moja tu katika kurasa hizi, shika hilo la noti. Nitalirudia.

Sasa namna ya kumchagulia mtu bunduki, ambayo ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo iliyonifanya niache kulala na simu. Watu wanaingia na jibu tayari. Wanataja namba kubwa, wanataja darubini ndefu kama chupa ya chai, wanataja umbali wa kutoka hapa mpaka Kidete. Mjomba anawasikiliza kama daktari anayemsikiliza mgonjwa aliyejitibu mwenyewe. Kisha anauliza maswali matatu: utapiga nini, utakuwa umekaaje wakati wa kupiga, na nani ataibeba. Hilo la tatu ndilo linalowaudhi.

Halafu anawapa bunduki tupu na kuwaambia wafumbe macho, waiweke begani, walaze shavu, wafumbue. Ukifumbua na kuona duara zima la darubini, safi, bila kunyoosha shingo kama kuku anayekunywa maji, ubao huo umekufaa. Ukiona giza pembeni, si wako, hata uwe wa mti wa thamani gani. Kisha wakoki mara kumi bila kuinua shavu. Kisha waibebe mpaka kwenye shabaha za mita mia tatu na kurudi, mara mbili, juani. Nimewaona watu wazima wakiondoka wakitaka mzinga na kurudi wakiulizia kitu chepesi chepesi hivi, Fundi.

Hayo ya kubeba na kupiga yanafanyika uwanjani, nje ya mji, njia ya kwenda Mikumi, kwenye shamba la mkonge lililokufa. Nyuma ya shabaha kuna mlima wa udongo unaomeza risasi zote. Mkonge umebaki wenyewe, na ile milingoti yake mirefu ndiyo tunayosomea upepo: ikitikisa kichwa tu, sogeza kidogo, ikiinama kama inasalimia wakwe, nenda nyumbani. Kazi yangu ilikuwa baiskeli. Wakimaliza kupiga, bolti zinachomolewa na kulazwa mezani, bendera nyekundu inapandishwa, halafu ndiyo napiga pedali mpaka kwenye karatasi, napima nafasi kati ya matundu kwa rula ya shule, narudi na habari. Jamani, ile kazi ni tamu. Unafika kwenye karatasi hujui utakuta nini. Unakuta matundu matatu yamebanana hivi, unaweza kuyafunika kwa kizibo cha soda, umbali wa mita mia tatu, na aliyeyapiga ni yule mzee mwenye suruali iliyofungwa kwa kamba. Nilikuwa narudi na baiskeli nikiimba.

Ukishapiga tatu, unangoja mtutu upoe. Bunduki ya kuwindia inahukumiwa kwa risasi ya kwanza, ikiwa baridi, kwa sababu mnyama hakungoji upashe moto. Na kati ya risasi nzima Mjomba huchomeka moja mfu, isiyo na baruti, bila mpigaji kujua. Kifyatulio kinalia "tik", hakuna kishindo, na hapo ndipo mtu anaonekana alivyo. Anayeiogopa bunduki yake, mtutu unachota chini kama mtu anayesinzia kanisani. Asiyeiogopa, hautikisiki hata unywele.

Kesi ngumu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Injinia Hamisi, kijana wa Dar aliyekuja huku kwa kazi za ujenzi. Alikuja na magnamu yake mwenyewe, bunduki ya risasi za nguvu kupita kawaida, mtutu mnene, risasi ndefu kama kidole cha kati cha Mjomba, na darubini yenye namba nyingi kuliko kikokotoo. Tuliibatiza Mgeni Rasmi, kwa sababu ilichelewa kuwa tayari na ilihitaji watu wa kuibebea vitu. Mjomba akamwambia aache vidole vinne kati ya jicho na darubini.

"Fundi, mimi nimeangalia video nyingi sana za hivi vitu," Injinia akasema.

"Sawa. Hizo video, bunduki ilikuwa inampiga teke nani?"

"Kwani?"

"Basi tu. Vidole vinne."

Akaacha viwili. Kishindo kilipotoka Mgeni Rasmi alirudi nyuma kama punda, na ukingo wa darubini ukamchora Injinia juu ya nyusi, mstari mwembamba uliopinda vizuri kabisa, damu ikaanza kuteremka.

Nikasema, "Mwezi umeandama. Kesho Idi."

Mjomba akageuka upande wa mkonge akakohoa muda mrefu. Injinia, Mungu ambariki, naye akacheka huku kajishikia kitambaa usoni. Lakini baada ya hapo kila akishika ile bunduki alikuwa anafumba macho kabla ya kufyatua. Mwezi haukuisha akaiacha kwa Mjomba iuzwe.

Karibu na Mgeni Rasmi, ukutani, kulikuwa na Mjane. Hilo jina nililitoa mimi. Ilikuwa ya mzee mmoja aliyehamia kwa wanawe Dodoma akaiacha nayo iuzwe. Inatumia tatu-sifuri-nane, risasi ya kawaida, ambayo ukiitafuta unaipata. Ubao wake ni wa mti wa kigeni nisioujua jina, mweusi pale shavu lilipolala miaka yote. Si nzito, si nyepesi. Watu waliipita kwenda kutazama zinazong'aa. Mimi niliipenda, nikawa naisafisha hata siku isiyo na vumbi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyoleta balaa.

Sasa Mama. Mama amekuwa askari wa wanyamapori maisha yangu yote na miaka mingi kabla sijafikiriwa. Amelala porini, amefukuzwa na tembo, gari la doria lilipinduka naye akavunjika mtulinga wa bega la kulia, na bado kwenye shabaha za kazini alikuwa anawaacha vijana wanatafuta pa kuficha sura. Alistaafu mwaka huu. Akapewa cheti na saa ya ukutani, akairudisha bunduki ya serikali, na kesho yake nilimwona amekaa uani mkono wa kulia umelala mapajani kama haujui uende wapi.

"Nilipiga kwa kazi," aliniambia. "Sasa nataka kupiga kwa raha."

Alichotaka ni bunduki moja, ya vitu viwili: kuwindia ngiri na swala pala kwa leseni msimu ukifunguliwa, na kupigia karatasi za mbali pale kwenye mkonge. Moja tu, kwa sababu kibali ni cha moja. Na kibali hicho, alichoanza kukiomba akiwa bado kazini, kilimchukua karibu miaka mitatu: serikali ya kijiji, kata, polisi, kamati ya wilaya, picha za pasipoti, alama za vidole, rudi kesho, afande yuko semina. Kilipotoka kikawa na tarehe ya mwisho, Ijumaa. Bunduki atakayoichagua, namba yake inaandikwa kwenye kitabu cha Mjomba, anatia sahihi, kesho yake inapelekwa polisi. Namba ikishaandikwa hakuna kusema nimeghairi. Unaanza upya kijijini, na picha mpya za pasipoti.

Alikuja Jumatano. Jumanne Mjomba alinipa Mjane nipake ubao nta. Nikapaka, ukang'aa mpaka nikajiona meno. Ndipo nikauona ule upenyo. Mtutu haukugusa ubao. Kulikuwa na nafasi nyembamba pande zote mbili, ukiinama unaona mwanga. Nikasema, hii imepinda, au ubao umesinyaa kwa uzee. Nikamwona Mama kichwani mwangu, kesho yake, akiinama na kuona ufa. Nikawaza fundi gani anamwuzia dada yake kitu chenye ufa. Mjomba alikuwa ametoka. Nta ilikuwepo, sufuria yenye masizi ilikuwepo, njiti ilikuwepo. Yaliyobaki mnayajua. Aliporudi akaitazama kwa mbali akasema, "Safi leo," na kwa kuwa noti alishaipitisha wiki iliyotangulia, hakuipitisha tena.

Uwanjani Mama alifika na kofia yake ya zamani na thermosi ya chai. Mjomba akasimama wima bila hata simu.

"Shikamoo Dada."

"Marahaba, Elia. Umenenepa. Bunduki zako zinalenga au zinaning'inia tu?"

"Utaona mwenyewe."

Alifumba macho, akaiweka Mjane begani, akafumbua. Nilimwona anatabasamu kwa upande wa mdomo uliolala kwenye ubao. Akakoki mara kumi, tak-tak, tak-tak, kama anayeshona kwa cherehani. Akaibeba mpaka mia tatu na kurudi akiongea njia nzima. Mimi nilikuwa nimeshashangilia moyoni.

Halafu akapiga. Ya kwanza, katikati. Nilikuwa na darubini ya mkononi, niliiona ikitua. Ya pili, juu kidogo. Ya tatu, juu zaidi na kulia. Mama akavuta pumzi puani, akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. Wakangoja ipoe, akapiga tatu nyingine: katikati, juu, juu kulia, kama mtu anayepanda ngazi.

Mjomba akavua kofia. "Mtutu unatembea, Dada. Ukipata moto unahama. Umechoka huu, ni wa zamani."

"Wiki iliyopita ulikuwaje?"

"Wiki iliyopita ulikaa kizibo cha soda. Ndiyo sielewi. Labda ndiyo kufa kwenyewe, bunduki nazo zinakufa ghafla." Akaitazama tena. "Ubao haugusi, nilipima. Kitu gani kingine kitausukuma?"

Ubao haugusi. Hapo ndipo noti ya elfu moja ilipotua kichwani mwangu, miezi yote ile kwa mpigo. Hakuwa anafuta vumbi. Alikuwa anapima kwamba mtutu unaelea peke yake, hauguswi na kitu, ili ukipata moto upanuke unavyotaka bila kusukumwa. Na mimi nilikuwa nimeujaza nta, na nta ilikuwa inayeyuka na kujikunja humo ndani kila risasi.



Wakaleta Mgeni Rasmi. Mama akapiga tatu. Nikaenda na baiskeli, bila kuimba. Matundu matatu, kizibo cha soda. Nikarudi nikasema. Mjomba akafurahi, akampa risasi nyingine tatu, na ya pili yake ilikuwa mfu. "Tik." Na mtutu ukachota chini.

Sitaki kuandika sana hapa. Mama yangu, aliyesimama mbele ya tembo. Bega lake lilijivuta lenyewe kabla ya kishindo ambacho hakikuja. Mjomba alitazama buti zake. Upepo ulikuwa mdogo, milingoti ilikuwa inatikisa vichwa.

"Hili bega," Mama akasema. Halafu akasema, "Nitaizoea."

"Dada, tungoje nipate nyingine."

"Ijumaa ni keshokutwa, Elia. Nilete nyingine kutoka wapi, mbinguni? Fungua kitabu." Akageuka. "Amosi, lete kalamu."

Kopo la kalamu liko kwenye sanduku la nyuma ya baiskeli. Zimo tatu, na mimi ndiye ninayejua kwamba ya bluu imekauka tangu Pasaka. Nikachukua ya bluu. Naandika hili ili mjue kwamba mtu anaweza kuwa mjanja mpaka dakika ambayo ujanja umekwisha. Niliwaza, ikigoma, tutacheka, watasema kesho, nami usiku nitaingia na njiti nikwangue nta yangu na hakuna atakayejua.

Mama akafungua kifuniko, akaweka nibu kwenye kitabu. Kalamu ikakwaruza tu. Akaitikisa. Ikakwaruza. Akanitazama muda mrefu kuliko kalamu inavyostahili, akaifunga taratibu, akanirudishia.

"Lete nyingine."

Nilishika ya pili mkononi. Ilikuwa na wino. Nikaona bega lake lile, miaka yote ya kustaafu, kila risasi linajivuta. Nikaona Mjane inarudi ukutani na jina baya.

"Mjane haijafa," nikasema.

"Nini?"

"Mjomba, pitisha noti."

"Noti gani?"

"Ile ya kopo. Ipitishe."

Mjomba hutembea nayo mfukoni akiwa uwanjani. Akaitoa, akainama juu ya Mjane, akaiingiza chini ya mtutu. Iliingia urefu wa ukucha, ikakwama. Akaitoa, akainusa. Sura yake ilipita rangi ambazo sikujua anazo.

"Nani?"

"Mimi. Jumanne. Niliona kuna ufa."

"Ufa."

"Nikauziba. Kwa nta. Na masizi."

"Na masizi," Mjomba akasema, kama vile hilo ndilo lililomuua. Akakaa chini kwenye kiti cha kupigia. "Nusura nimpe dada yangu punda. Nusura niseme kwa mdomo wangu mtutu mzima umekufa. Nilisema. Amosi, toka kwenye bunduki zangu. Toka. Kaa kule kwenye baiskeli."

Huo ndio waraka wangu wa kustaafu. Mjomba anasema nilifukuzwa, mimi nasema nilistaafu kwa hiari, na Neema ataamua mwenyewe akishasikia pande zote.

Kutoka kwenye baiskeli niliona yote. Mjomba alifungua skrubu mbili, akautenganisha mtutu na ubao, akakwangua nta kwa kijiti cha mti, si chuma, tazama hilo Neema, kamwe si chuma, akafuta kwa kitambaa alichokilowesha chai ya moto ya thermosi ya Mama kwa sababu maji ya moto hayakuwepo. Akarudisha, akakaza, akapitisha noti. Ikateleza mpaka chemba kama barua chini ya mlango. Wakaacha mtutu upoe kabisa. Mama akanywa chai iliyobaki.

Akapiga tatu. Hakuna aliyeniita, lakini bendera ilipopanda na bolti ilipolala mezani nilipanda baiskeli bila kuulizwa, na Mjomba hakunizuia. Nilikwenda na rula yangu. Sikuihitaji. Matundu yalikuwa yamegusana, la tatu limekula nusu ya la pili, kama mafiga matatu yaliyobanana. Mita mia tatu. Bega bovu. Nilipiga kelele peke yangu pale kwenye udongo mpaka mkonge ukanisikia, nikang'oa karatasi nikarudi nayo nimeishika mdomoni ili mikono ikamate usukani.

Ikaja risasi mfu. "Tik." Mtutu haukutikisika. Mama alibaki vile vile, shavu kwenye ule weusi wa ubao, na akatabasamu kwa ule upande.

Alitia sahihi kwa kalamu nyeusi. Namba ya Mjane iko kitabuni, na Ijumaa ilikuwa bado haijafika.

Tulingoja basi la Mikumi kando ya barabara, yeye na mimi na begi langu, maana kazi ndiyo ilikuwa imekwisha. Kama nusu saa nikawa nahesabu malori. Mwisho nikashindwa, nikamwuliza kama nisingesema angetia sahihi kweli.

Naweka hapa alichosema, neno kwa neno, kwa sababu Neema huongeza chumvi.

"Harufu ya nta yangu niliisikia tangu risasi ya tatu, na ile kalamu ya bluu ni mimi niliyekununulia, najua imekauka siku nyingi. Bunduki nilishaichagua, ile ile ya kwanza. Nilikuwa nangoja nijue nina mtoto gani. Jumamosi utakwenda Kisanga ukalijaze kopo langu la nta wewe mwenyewe, bila moshi. Nyuki wanakujua."